Kuandika historia ya destroya ya Uingereza ya 1919–1939 ukiwa Moshi

Anza na chombo chenyewe, yaani destroya (manowari ndogo yenye kasi), jina liache kwanza. Jeshi la Majini la Uingereza hurithisha majina, kwa hiyo ukitafuta "HMS Daring" utaletewa ya 1893, ya 1932, ya 1949 na ya 2006 zote kwa mkupuo. Mbaya zaidi, ile ya 1893 na ile ya 1932 zote ni kazi ya Thornycroft. Jina moja, mjenzi mmoja, manowari mbili.

Ndiyo maana ukurasa wa kwanza uwe na vitu vinne: mjenzi, siku mkuku (uti wa chini wa meli) ulipowekwa, siku meli iliposhushwa majini, na siku ilipoingia kazini. Kwa Daring tunayoitumia hapa ni Thornycroft wa Woolston, Southampton. 18 Juni 1931. 7 Aprili 1932. 25 Novemba 1932. Habari yoyote ya kabla ya siku hiyo ya mwisho inayosema meli "ilisafiri na kikosi" ni ya meli nyingine.

Kisha chora jedwali. Eksel inafaa, ila kaunta buku halizimiki umeme ukikatika. Safu sita: tarehe, mahali, kikosi, kamanda, tukio, chanzo. Safu ya chanzo usiiruke hata mara moja. Baada ya mistari mia hutakumbuka kipi ulikitoa wapi.

Uti wa mgongo ni madaftari ya safari ya meli, yaliyo kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew, fungu ADM 53 (ADM ni kumbukumbu za Admiralty, wizara ya majini). Katalogi unaisoma bure mtandaoni: andika jina la meli, bana miaka, nakili namba kamili ya jalada. Usitegemee kuyasoma kwenye simu. Mengi hayajapigwa picha. Utalipia nakala, au utamtuma mtu aliye London. Akienda, kamera yake mwenyewe haitozwi, ila kadi ya msomaji inadai kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Mpe namba za majalada na miezi unayoitaka, maana "piga picha za Daring" itamla siku nzima.

Ukishazipata kurasa, angalia saa. 0800 ni saa mbili asubuhi, hilo rahisi. Zamu ni za saa nne nne, isipokuwa jioni: kuanzia saa kumi hadi saa mbili usiku zamu hukatwa mbili, saa mbili kila moja. Kinachowakwaza wengi ni alama ya ukanda wa saa. Kwa wanamaji, −3 maana yake meli iko mbele ya Greenwich kwa saa tatu, kama sisi hapa. Ukiisoma kwa mazoea ya simu yako (+3), utakosea kwa saa sita, na tukio la alfajiri litahamia siku nyingine.

Daftari linasema meli ilikuwa wapi, sababu halisemi. Sababu zitafute kwenye mafungu ya barua na majalada ya wizara, ADM 1 na ADM 116, na kwenye magazeti. Kwa meli za kituo cha China (kikosi cha Uingereza cha Mashariki ya Mbali), magazeti ya Singapore yako bure kwenye NewspaperSG. Kurasa ni picha na zinakula bando, kwa hiyo pakua ile moja tu unayoihitaji.

Sasa mtego wa makamanda. Louis Mountbatten alipewa Daring mwaka 1934. Desemba ya mwaka huohuo, huko Singapore, aliikabidhi akachukua destroya nyingine, Wishart, na kurudi nayo Malta. Daring ikabaki Mashariki. Ukifuata jina la kamanda, Daring yako itakuwa Mediterania mwaka 1935, na jedwali lote litapinda kuanzia hapo. Kila kamanda anapobadilika, acha mstari mtupu na uthibitishe mahali meli ilipo kabla ya kuendelea.

Na picha ya zamani iliyoandikwa "manowari, Dar es Salaam" usiharakishe kuiita destroya. Enterprise, iliyomchukua Mwana wa Mfalme Edward pale mwaka 1928, ilikuwa kruza, manowari kubwa kuliko destroya. Hesabu mabomba ya moshi, kisha mizinga.

Pengo la wiki kadhaa bila safari mara nyingi ni matengenezo: tafuta kwenye daftari siku ya kuingia gudi (mahali pa kutengenezea meli) na siku ya kutoka. Usipoziona, andika "haijathibitishwa" kwenye safu ya chanzo, uhamie mstari unaofuata.