Kocha ajaye: namna ya kubishana mpaka jina la maana lipatikane

Mjadala wa kocha mpya huharibika pale tu mtu wa kwanza anapotaja jina. Jina likishatua mezani, nusu ya watu wanakuwa mawakili wake, nusu wanakuwa waendesha mashtaka, na hakuna anayerudi kuuliza kikosi kilichopo kinaweza kucheza mpira gani. Kwa hiyo majina yasubiri. Anzeni na wachezaji.

Karatasi ya kikosi

Andikeni wachezaji wote ambao mkataba wao unavuka msimu huu, namba kwa namba, kila mmoja na umri wake na dakika alizocheza kwenye ligi. Ligi ya mechi 34 ina dakika 3,060. Aliyecheza chini ya 1,000 msimhesabu kuwa nguzo, hata kama jezi yake ndiyo inayouzwa kuliko zote, maana kocha mpya atamkuta na majeraha yale yale au kiwango kile kile.

Kisha mkubaliane majibu ya mambo manne. Namba mbili na namba tatu (mabeki wa pembeni) wana pumzi ya kupanda na kurudi dakika 90? Mabeki wa kati wakiachiwa mita 40 za uwanja mtupu nyuma yao, wanamwahi mshambuliaji mwenye mbio? Kipa anatoa pasi safi akiwa amefuatwa, au anabutua? Na pale katikati, mna namba sita (kiungo mkabaji) anayeweza kukaba peke yake, au lazima wawe wawili? Kocha anayepandisha safu ya ulinzi hadi mstari wa kati akikabidhiwa mabeki wazito, mtafungwa mabao ya aina moja wiki baada ya wiki, na mtamlaumu yeye kwa kosa la aliyemleta.

Mfano ulio wazi ni Ruben Amorim. Akiwa Sporting alibeba ubingwa wa Ureno 2021 na 2024 kwa mabeki watatu wa kati na watu wa pembeni wanaopanda na kushuka. Novemba 2024 akaingia Manchester United katikati ya msimu, kwenye kikosi kilichosajiliwa kucheza na mabeki wanne. Wakamaliza ligi nafasi ya 15 na pointi 42. Kocha alikuwa yule yule na mfumo ule ule. Kilichokosekana ni watu wa kuucheza, na siku za kuufundisha.

Hilo la siku wengi hulisahau. Timu inayocheza Jumapili, Jumatano na Jumapili haina mazoezi ya maana katikati: siku baada ya mechi ni ya kupumzisha miguu, siku kabla ya mechi ni ya kazi nyepesi. Inabaki siku moja, na mara nyingine haibaki hata hiyo. Mkihitaji kocha wa katikati ya msimu, tafuteni ambaye mpira wake hauko mbali na ule ambao wachezaji wameshauzoea. Mwenye mfumo mzito aje wakati wa maandalizi ya msimu, apate wiki zake sita.

Pointi kwa mechi, na namna zinavyodanganya

Sasa tajeni majina, yasizidi matatu kwa kila mtu. Kwa kila jina, gawanyeni pointi kwa idadi ya mechi za ligi, halafu mlinganishe na mambo mawili: klabu ile ile kabla yake, na klabu ile ile baada yake. Msiishie kwenye asilimia ya ushindi. Aliyefundisha timu tajiri ana asilimia nzuri hata akiwa wa kawaida.

Tuchukue Xabi Alonso pale Bayer Leverkusen ya Ujerumani. Oktoba 2022 alikuta timu iko nafasi ya 17, pointi 5 katika mechi 8, yaani 0.63 kwa mechi. Msimu ukaisha wana pointi 50, kwa hiyo yeye alivuna 45 katika mechi 26, ambayo ni 1.73. Hapo mtu atasema kaifanya timu karibu mara tatu. Si kweli bado. Msimu uliotangulia klabu hiyo ilikuwa ya tatu na pointi 64, sawa na 1.88 kwa mechi. Kwa hiyo zile mechi 8 mbovu zilikuwa shimo, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuitoa timu shimoni na kuirudisha karibu na ilipokuwa. Ukubwa wake ulionekana msimu wa 2023/24: pointi 90 katika mechi 34, bila kupoteza hata moja, 2.65 kwa mechi.

Na hata hapo muulize nani alisajili. Kiangazi cha 2023, kabla ya msimu huo, waliingia Granit Xhaka, Alejandro Grimaldo, Victor Boniface na Jonas Hofmann. Klabu yenu isiyo na mkurugenzi wa michezo anayejua kununua, msitarajie kocha peke yake alete kilichotokea kule.

Mechi chini ya 10 zisiwe ushahidi wa lolote. Timu hutimua kocha ikiwa imefika chini kabisa, mipira imegonga miamba, majeruhi wamejaa, na vitu hivyo hujirekebisha vyenyewe hata mkimweka nani. Ndiyo maana wiki za kwanza za kocha mpya hupendeza. Kama mnapata takwimu za xG (makadirio ya mabao kulingana na ubora wa nafasi), ziangalieni kwa mechi 15 na zaidi, na muondoe penalti, kwa sababu kila moja huhesabiwa karibu 0.78 na inaweza kuipamba timu isiyotengeneza nafasi.

Mechi tatu za kutazama, siyo vipande vya mabao

Kwa kila jina lililobaki, tazameni mechi nzima tatu: moja aliyofungwa, moja dhidi ya timu kubwa kuliko yake, na moja dhidi ya timu iliyojaza watu golini. Hiyo ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote kama klabu yenu ni kubwa, kwa kuwa ndiyo mechi mtakayocheza wiki nyingi. Kocha wa mashambulizi ya kushtukiza anaweza kung'ara akiwa mnyonge, kisha akakwama kabisa akipewa mpira.

Tazameni mipira ya goli kwanza, ile ambayo kipa anauanzisha mpira uliotoka nje. Tangu 2019 beki anaruhusiwa kuupokea ndani ya eneo la penalti, kwa hiyo pale alipojiweka beki wa kati pana habari nyingi. Halafu hesabuni wanapopoteza mpira: katika sekunde tano za mwanzo, wangapi wanaukimbilia na wangapi wanarudi nyuma? Fanyeni hivyo mara 10 kwenye mechi moja mtaona kama kuna mafunzo au kila mtu anafanya lake. Baada ya hapo, nendeni dakika ya 55 hadi 75. Akiwa nyuma kwa bao moja, anabadilisha mchezaji kwa mchezaji wa nafasi ile ile, au anahamisha umbo la timu? Mtu asiyehamisha kitu mechi zote tatu, andikeni hivyo kando ya jina lake.

Kona na faulo nazo zina mwenyewe, na mara nyingi si kocha mkuu. Nicolas Jover aliyeifanya Arsenal itishe kwenye kona amekuwa nao tangu 2021, na kabla yake alikuwa Manchester City. Mnayempenda akija bila msaidizi wake, mnaweza kupata nusu ya mliyoyaona.

Majina mawili yanayowapofusha mashabiki

La kwanza ni kocha wa muda anayeshinda. Ole Gunnar Solskjær alishinda mechi 14 kati ya 19 akiwa Manchester United kabla ya kupewa mkataba wa kudumu Machi 2019, kisha akashinda 2 tu kati ya 10 zilizobaki msimu huo. Roberto Di Matteo alibeba Ligi ya Mabingwa na Chelsea Mei 2012, Novemba akaondolewa. Muacheni amalize msimu, mumpime kwa karatasi ile ile ya wenzake.

La pili ni gwiji wa klabu. Hapa tenganisheni aliyewahi kufundisha na aliyewahi kucheza tu. Pep Guardiola alikuwa na msimu mzima na Barcelona B kabla ya kupewa timu kubwa ya Barcelona 2008. Andrea Pirlo alikabidhiwa Juventus Agosti 2020 bila kuongoza mechi hata moja ya timu ya wakubwa, na mfululizo wa mataji 9 ukaishia nafasi ya nne.

Anapatikana kweli?

Chunguzeni vitu vitatu kabla ya kupoteza usiku mzima. Leseni: Reims ililipa faini ya euro 25,000 kila mechi kwa kumtumia Will Still asiye na leseni inayotakiwa Ufaransa. Kipengele cha kuvunja mkataba: Chelsea waliilipa Porto euro milioni 15 kumchukua André Villas-Boas mwaka 2011, na haikufika miezi tisa wakamfukuza. Na idadi ya wasaidizi anaotembea nao, kwani mishahara yao ni ya klabu pia.

Kura

Kila mtu aandike majina yake matatu kimya kabla ya yeyote kuongea, la sivyo mwenye sauti kubwa atawavuta wote. Chaguo la kwanza pointi 3, la pili 2, la tatu 1. Kabla ya kuhesabu, kila aliyeleta jina aseme yeye mwenyewe udhaifu mkubwa wa mtu wake. Akishindwa kuutaja, hakumtazama, na jina hilo liondoke. Pointi zikifungana, rudini kwenye karatasi ya kikosi na mhesabu ni wachezaji wangapi wapya kila kocha angehitaji ili mpira wake uchezeke. Anayehitaji wachache ndiye anayepita.