Somo: Kutafuta risiti ya zamani kwenye programu ya duka

Assalaam alaykum wanachama. Somo hili ni kwa wenye maduka na makeshia wanaouza kwa programu, iwe ya kompyuta au ya tableti. Mteja kaja na baibui la kubadilisha, risiti hana au anayo lakini maandishi yamefutika, na nyuma yake watu wamejipanga. Sehemu ya mauzo yaliyopita ipo karibu katika kila programu: moja itaandika Receipts, nyengine Sales History, nyengine Orders. Kazi ni ile ile.

Shika hili kabla hujagusa kibodi: risiti iliyokwisha kulipiwa na kufungwa haipotei kirahisi. Mara nyingi imefichwa na kichujio, yaani tarehe, kaunta, tawi au hali ya risiti. Kwa hiyo unapoambiwa hakuna matokeo, usianze kuongeza maneno ya kutafutia. Punguza.

Hatua ya kwanza: mhoji mteja vizuri

Usimuulize "ulinunua lini?" ukaishia hapo. Muulize alilipa vipi, alinunua nini jengine siku hiyo, na alihudumiwa kaunta gani. Halafu geuza majibu yake yawe lugha ya mashine.

Saa ndiyo inayowakwamisha wengi. Mteja anasema saa mbili usiku, keshia anaandika 2:00, mashine inamtafutia mauzo ya usiku wa manane. Saa mbili usiku ni 20:00, saa nne asubuhi ni 10:00. Na siku nayo ina mtego wake. Mtu mzima wa hapa kwetu akisema "usiku wa Ijumaa" huenda anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, na kwenye mashine hiyo bado ni Alkhamisi. Wala usibishane naye, weka siku zote mbili.

Akikutajia mwezi wa Kiislamu, kwa mfano "ilikuwa siku mbili kabla ya Idi", panua zaidi. Idi el Fitri ya 2025 wapo waliosali Machi 30 na wapo waliosali Machi 31, kwa hiyo kutafuta kuanzia Machi 27 hadi 30 ni salama kuliko kushikilia siku moja.

Hatua ya pili: safisha vichujio, kisha weka tarehe

Fungua ukurasa wa risiti na uangalie juu ya orodha. Programu nyingi hufungua zikiwa zimechagua "leo", kaunta hii hii, na mauzo ya kawaida tu. Weka kaunta zote, matawi yote, aina zote. Risiti ya mauzo yaliyorudishwa, iliyobatilishwa au iliyosimamishwa kusubiri malipo mara nyingi hukaa kwenye orodha ya peke yake.

Ukiweka tarehe, hakikisha kompyuta inasoma siku kwanza au mwezi kwanza. 03/04/2025 kwa mpangilio wetu ni Aprili 3, kwa mpangilio wa Marekani ni Machi 4, na mashine haitakwambia kitu, itakuletea mauzo ya siku nyengine kabisa. Jaribu kwa tarehe inayozidi 12, kama 25/03/2025. Ikikataa, ujue inaanza na mwezi.

Mtego wa pili uko kwenye tarehe ya mwisho. Baadhi ya programu zikiambiwa "hadi 31/03" huelewa hadi 31/03 saa 00:00, yaani mwanzo wa siku hiyo, na mauzo yote ya tarehe 31 yanaachwa nje. Ukishuku hivyo, andika hadi 01/04.

Anza na siku tatu au nne, si mwaka mzima. Kwenye kompyuta ya duka yenye mauzo ya miaka kadhaa, kutafuta bila mipaka kunaweza kuigandisha programu huku kaunta nyengine inauza.

Hatua ya tatu: kama namba ipo

Risiti ikiwa na bakodi au alama ya QR iliyochapishwa na programu yako, weka mshale kwenye kisanduku cha kutafutia kwanza, ndipo uskani. Ukiskani mshale ukiwa kwenye skrini ya kuuzia, programu itaichukua namba ya risiti kama bidhaa na kukwambia haipo.

Ukiandika kwa mkono, jua namba imeundwaje. Programu ya Loyverse hutoa namba za sura ya 1-1001: mbele ya kistari ni namba ya kifaa, nyuma yake ni mfuatano wa risiti za kifaa hicho. Ukiandika 1001 peke yake unaweza kukosa, au ukapata ya kaunta nyengine. Programu ya Odoo, katika matoleo yake ya zamani, hutoa mafungu matatu kama 00012-001-0034, na la kwanza ni la kipindi kilichofunguliwa kwenye kaunta. Kuna programu zinazotaka sifuri za mbele na kuna zisizotaka, kwa hiyo jaribu 000457 na 457. Na tarakimu zinazofanana zikifutika nusu husomwa vibaya: 8 na 3, 1 na 7, 5 na 6. Badilisha moja moja.

Hatua ya nne: kama namba haipo

Hapa ndipo ujuzi unapohitajika. Anza na bidhaa, si na jina la mteja. Chukua kitu alicholeta na uskani kibandiko chake ndani ya historia ya bidhaa, kisha chuja kwa tarehe ulizokwisha kuziweka. Mabaibui, viatu na kanzu huwa na bakodi yake kwa kila saizi, kwa hiyo baibui 56 halitatokea ukitafuta 58 hata kama ni kitambaa kimoja na rangi moja. Kibandiko kikiwa kimeng'oka, tafuta kwa neno fupi la maelezo. "Baib" itakuletea baibui na mabaibui, ilimradi programu inatafuta popote ndani ya neno. Kama yako inatafuta mwanzo wa neno tu, "mabaibui" hutaiona.

Bidhaa isipoonekana kabisa, shuku kitufe cha "mengineyo". Foleni ikizidi, keshia huandika bei tu chini ya kundi bila kuskani, na risiti hiyo haina jina la bidhaa ndani yake. Itafute kwa kiasi.

Kutafuta kwa kiasi kuna adabu yake. Andika 45000 bila koma na bila "TZS". Andika jumla baada ya punguzo, si bei ya kibandiko. Mteja akikumbuka "nilitoa elfu hamsini", hiyo ni pesa aliyotoa, si jumla ya risiti, na programu nyingi hutafuta jumla. Kama alilipa kwa simu, muombe afungue ujumbe wa muamala. Hapo kuna kiasi, tarehe na dakika yenyewe, na ada ya mtandao imeandikwa mbali, usiijumlishe. Ukiwa na dakika, chuja malipo ya simu ya saa hiyo na zitabaki risiti chache za kusoma kwa macho. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kuliko zote, na makeshia wachache wanaitumia.

Hatua ya tano: thibitisha, kisha chapisha nakala

Fungua risiti yenyewe uone bidhaa, saizi, bei na njia ya malipo. Angalia pia kama tayari ina marejesho yaliyofungamana nayo, maana kuna watu hurudi mara mbili na risiti moja. Chapisha tena kwa kitufe cha nakala. Usiuze upya bidhaa ile ile ili tu upate karatasi: utapunguza mzigo mara mbili, droo itaonekana pungufu jioni, na utakuwa umetangaza mauzo ambayo hayakuwapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (duka la vifaa vya umeme, Chake Chake): Sheikh, tuna tawi Mlandege. Mteja kanunua huku Pemba asubuhi, kaenda Unguja, kule wanasema risiti haipo. Kwetu tunaiona vizuri.

Jibu: Kama mnaiona kwenye kifaa kilichouza tu, basi haijapanda kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayokusanya mauzo ya matawi yote. Programu za tableti huuza hata intaneti ikikatika na kuweka risiti ndani ya kifaa mpaka mtandao urudi. Tazama alama ya kusawazisha au saa ya mara ya mwisho kifaa kuwasiliana na seva. Washa data, iache programu ikiwa wazi mbele ya skrini, usubiri. La kuogopa ni moja: msitoke kwenye akaunti, msifute data ya programu na msiiondoe kabla haijamaliza kupandisha. Hapo ndipo risiti hupotea kweli.

Swali (huyo huyo): Na wale wa Mlandege wamfanyie nini mteja wakati huu?

Jibu: Watumieni picha ya risiti kutoka kwenye skrini yenu, waandike namba yake, lakini marejesho yafanyike baada ya kuonekana kwao. Wakirejesha bila kufungamanisha na risiti ya asili, mzigo utaingia Mlandege bila kumbukumbu ya ulikotoka.

Swali (keshia, Mkunazini): Mteja ananisomea namba iliyo kwenye risiti, naandika vilevile, haitoki hata moja. Risiti ni yetu, ina jina la duka.

Jibu: Bibie, huenda anakusomea namba ya risiti ya kodi. Duka linalotoa risiti za kielektroniki za Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, kupitia mfumo wa VFMS, huwa na namba mbili: ya ZRA na ya programu ya duka. Kama mifumo yenu haijaunganishwa, programu haiijui namba ya ZRA hata kidogo. Kwa hii ya leo tafuta kwa kiasi na saa. Kwa zijazo, kila mkitoa risiti ya kodi ingizeni namba yake kwenye sehemu ya maelezo ya mauzo. Sehemu hiyo hutafutika katika baadhi ya programu.

Swali (duka la vitambaa, Darajani): Ramadhani tunafunga saa nane usiku. Asubuhi naambiwa mauzo ya usiku yako kwenye siku ya nyuma, ila si yote. Yamegawanyika.

Jibu: Tazama mpangilio wa saa kabla hujamlaumu mtu. Seva ikihesabu kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, iko nyuma yetu kwa saa tatu. Mauzo ya 01:20 kwetu tarehe 29 huandikwa 22:20 tarehe 28, kwa hiyo yote ya kabla ya saa tisa usiku huhamia siku iliyopita. Kwenye mipangilio ya duka chagua Afrika Mashariki, Dar es Salaam au Nairobi. Kugawanyika kunatokea pale kaunta moja iko sahihi na nyengine ina saa mbovu. Tableti iliyozimika chaji ikawaka bila mtandao ni mshukiwa wa kwanza. Kama programu inakuruhusu kuchagua saa ya kuanza siku ya biashara, weka saa kumi na moja alfajiri, na usiku wote wa Ramadhani utabaki kwenye siku moja.

Swali (mhasibu, Wete): Natoa orodha ya risiti kwenye Excel ili nitafute huko. Namba za nyuma zote sawa, lakini kuanzia 2-1900 zimekuwa miezi.

Jibu: Excel inasoma 2-1900 kama Februari ya mwaka 1900. Chini ya hapo si mwaka inaoutambua, ndiyo maana 2-1899 ilibaki salama. Kubadilisha sura ya safu baada ya hapo hakurudishi kitu. Toa faili upya, usilifungue kwa kubofya mara mbili; liingize kwa njia ya kuleta data na uchague safu ya namba iwe maandishi. Njia hiyo hiyo inalinda sifuri za mbele.

Swali (duka la dawa na vipodozi, Mwanakwerekwe): Tunaandika wateja kwa majina, lakini kuwapata shida.

Jibu: Fatma na Fatuma, Khamis na Hamisi, Abdalla na Abdallah: kila keshia ana tahajia yake, na mashine haijui kama ni mtu mmoja. Tumieni simu. Lakini 0777 na +255777 nazo ni tofauti kwa mashine, kwa hiyo tafuteni kwa tarakimu sita za mwisho tu.

Swali (keshia mpya, Mkoani): Mimi naona risiti zangu za leo tu. Za mwenzangu sizioni.

Jibu: Ni ruhusa ya akaunti yako, si hitilafu. Mwambie msimamizi akufungulie kuona bila kukufungulia kubatilisha. Usitumie neno la siri la mwenzako, kila kitakachofanyika kitaandikwa kwa jina lake.

Swali (duka la viatu, Mchangani): Karatasi ya mteja imekuwa nyeupe kabisa. Nimesikia ukiipasha moto maandishi yanarudi.

Jibu: Karatasi hizo huandikwa kwa joto, ukiipasha inaweza kugeuka nyeusi yote. Ipige picha kwenye mwanga wa ubavuni, ongeza utofauti wa rangi kwenye simu, na uanze na mstari wa tarehe na jumla. Ukivipata hivyo viwili, rudi hatua ya nne.