Namna ya kuyasoma Maungamo ya Mtakatifu Augustino bila kuishia njiani

Mimi ni katekista wa kigango. Vijana wanaponiuliza wasome nini baada ya kipaimara, huwapa Maungamo, kitabu ambamo Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini wa kale, anamsimulia Mungu maisha yake na kuongoka kwake. Zamani wengi walinirudishia kitabu baada ya wiki moja, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha mlango wa kuingilia.

Kwanza, soma kwa sauti. Augustino anasali. Yule "Wewe" wa kila ukurasa ni Mungu, nasi tumeketi kando tukisikiliza. Ukiyatamka maneno, utaelewa kwa nini anauliza maswali mengi bila kungoja jibu.

Kazi nzima ina sehemu 13, nazo huitwa vitabu. Anza na cha pili. Ana miaka 16, yuko kwao Thagaste, katika Algeria ya leo, anaiba mapeasi usiku na wenzake. Hawakuwa na njaa. Mengi waliwatupia nguruwe. Sasa mwulize kijana: kwa nini waliiba? Mimi huliacha swali hilo wiki nzima.

Kisha nenda cha tano, na hapo usiharakishe. Monika, mama yake, hataki aende Roma bila yeye. Mwanawe anamdanganya kwamba anamsindikiza tu rafiki bandarini Karthago. Mama anakesha akisali katika kikanisa cha Mtakatifu Sipriani; kunakucha, merikebu imeshaondoka. Augustino anakiri baadaye kwamba Mungu alimnyima mama alichoomba usiku ule ili ampe kile alichokuwa akiomba siku zote, yaani mwanawe aongoke. Kama una mtoto aliyeacha kanisa, yanakili maneno hayo kwenye daftari lako. Katika jumuiya yetu mama mmoja aliomba tuyarudie mara tatu.

Kitabu cha sita kina jambo ambalo watu hupenda kuliruka, nami sikubali lirukwe: mwanamke aliyeishi naye miaka mingi na kumzalia mtoto, Adeodatus, anarudishwa Afrika, na jina lake halitajwi popote. Augustino mwenyewe anasema moyo wake ulitoka damu. Tulieni hapo, mmwombee mama huyo.

Kwa cha nane, fungua Biblia yako, Warumi 13:13-14, kabla hujaanza. Ni mwaka 386, bustanini Milano, anasikia sauti ya mtoto: "Chukua, usome." Akafungua Maandiko, na hiyo ndiyo aya iliyomkuta, akaongoka. Pasaka ya 387 Askofu Ambrosi akambatiza.

Vitabu 10 hadi 13, vya kumbukumbu, wakati na uumbaji, viwekee mwaka mwingine.

Cha tisa nimekiacha mwisho kwa makusudi. Monika anafariki Ostia, bandari ya Roma, mbali na kwao, akiwa na miaka 56. Anawaambia wanawe wauzike mwili wake popote, ila wamkumbuke altareni. Sisi hukisoma tarehe 27 Agosti, siku ya kumbukumbu yake, kisha tunawataja marehemu wetu, kila mmoja kwa jina.