SOMO: Viongozi wa kamati ya wazazi wapeane taarifa vipi kabla hawajagombana

Wakuu, naandika hili mara moja ili baadaye niwe natuma kiungo tu. Kila shule zikifunguliwa napata ujumbe uleule faraghani: "mhazini wetu hasemi kilichobaki", "mwenyekiti anaamua peke yake", "katibu kanitoa kwenye grupu". Mimi nipo kwenye UWAWA (ushirikiano wa wazazi na walimu) wa shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania, upande wa uji na chakula cha mchana, kwa hiyo mifano yangu ni ya mahindi na maharage. Wenye kamati ya madawati au uzio wajigeuzie wenyewe.

Kamati nyingi nilizoona zikivunjika hazikuibiwa hata senti. Zilivunjika kwa sababu kiongozi mmoja alisikia habari ya pesa getini kutoka kwa mzazi kabla hajaisikia kwa mwenzake. Ikishafika hapo, hata hesabu ikiwa safi kama maji ya kisima haisaidii, watu wameshanuniana. Hatua zote hizi zipo ili hilo lisitokee.

Hatua ya 1. Andikeni nani anafanya nini, msaini, kila mmoja abaki na nakala.

Hatua ya 2. Grupu mbili: moja ya viongozi tu, moja ya wazazi ambayo maadimini pekee ndio wanaandika.

Hatua ya 3. Pesa iingie wapi. Sio kwenye simu ya mhazini. Najua atakayesema "tutanunua laini ya kamati". Hakuna laini ya kamati. Laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ya mtu mmoja, na mtu huyo akihama au akinuna, anaondoka nayo. Akitumia laini yake ya kila siku ni balaa zaidi. Ujumbe wa muamala unaonyesha salio lake pia. Hataki mjue ana shilingi ngapi, na ni haki yake, kwa hiyo anaukata ujumbe au anaandika tu "nimepokea 15,000 ya mama fulani". Wenzake wanaanza kujiuliza kilichokatwa ni nini.

Fungueni akaunti ya kikundi, benki au ile ya kwenye simu ambayo kutoa pesa lazima waidhinishe zaidi ya mmoja. Watia saini wawe watatu, wawili wowote watoshe, na wasiwe wa nyumba moja. Benki itataka muhtasari wa kikao kilichowateua, hivyo uandikeni vizuri tangu mwanzo. Anayeleta taslimu au mahindi yenyewe apewe stakabadhi yenye nakala, na mahindi yapimwe kwa mizani mbele yake.

Hatua ya 4. Matumizi. Dukani dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Sokoni muuza maharage hana mashine, basi muwe na hati yenu ya malipo: tarehe, bidhaa, kilo, bei, jina na sahihi ya muuzaji, na saini ya kiongozi wa pili aliyekuwepo. Andika KILO. Ukiandika "magunia 3" umepanda ugomvi. Mmoja atanunua gunia la kawaida, mwingine atanunua lumbesa lililoshonewa kilemba juu, bei zitatofautiana, na kikao kizima kitaishia kubishana nani kala pesa wakati tofauti ni kilo tu.

Na pumba. Mkikoboa mahindi, pumba zinabaki mashineni na zina bei yake, wafugaji wanazigombania. Ziandikwe zilikokwenda: zimeuzwa, zimelipia usagaji au kapewa mpishi mwenye kuku. Kila niliyemwona akifukuzwa kwenye kamati kwa ajili ya gunia la mahindi, nilimjua kwanza kwa kesi ya pumba.

Hatua ya 5. Taarifa isomwe na viongozi WOTE kabla ya kwenda kwa wazazi. Hapa someni taratibu, maana hapa ndipo sisi tulipoanguka. Mwenyekiti aliangalia salio la akaunti, akafurahi, akawaandikia wazazi usiku kwamba pesa ipo ya kutosha na mwezi unaofuata hakuna kuchanga. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Hakujua daftari la mhazini lilikuwa na madeni ya kamati: posho za wapishi, kuni, mwenye mashine ya kusaga. Chukua mfano akaunti ina 640,000. Wapishi wanadai 240,000, kuni 120,000, mashine 85,000. Pesa ya kweli ni 195,000, sio 640,000. Wazazi wakaacha kuchanga, madeni yakalipwa, salio likaporomoka, na getini ikawa inasemwa kwamba mhazini "amekula laki nne". Yule mama hakuwa amegusa kitu. Alikabidhi daftari, akasusa, na hadi leo ukimsalimia anaitika kwa mbali.

Tangu hapo utaratibu ni huu. Mhazini anaandika karatasi moja kila mwisho wa mwezi yenye mistari mitano: tulianza na, zimeingia, zimetoka, tunadaiwa, kilichobaki kweli. Anaipiga picha na kuituma grupu la viongozi. Kila kiongozi anajibu "nimesoma" au anauliza. Akikosekana mmoja, anapigiwa simu. Wote wakishajibu, katibu ndiye anayeituma kwa wazazi, yeye peke yake, ileile bila kuongeza neno.

Tahadhari:

Usitangaze salio bila madeni. Kamwe.

Usijibu swali la pesa kwa voisi. Voisi inasambazwa ikiwa imekatwa katikati, na haionekani ukiitafuta baada ya miezi mitatu.

Ukiulizwa na mzazi njiani jambo ambalo hujalisikia kwa wenzako, sema "nitakujibu kesho baada ya kuulizana". Usibuni. Viongozi wawili wakitoa majibu mawili, jibu la tatu wazazi watalitunga wenyewe.

Usibandike majina ya wasiochanga. Bandika ya waliochanga kama wameridhia, basi.

Hatua ya 6. Mwalimu mkuu apate nakala ya kila kitu, asishike pesa. Elimumsingi ilianza kutolewa bila ada Januari 2016, na Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka huo unaeleza majukumu ya kila upande, wazazi wakiwemo. Mchango ni hiari, na mtoto harudishwi nyumbani kwa kutokuchanga. Januari 2018 Rais Magufuli alikemea michango shuleni hadharani, na tangu hapo walimu wakuu wengi hawataki hata kuiona bahasha. Msiwalaumu. Pia msichanganye pesa yenu na ruzuku ya serikali, ile ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Hiyo ina watu wake na taarifa yake hubandikwa ubaoni.

Hatua ya 7. Muhtasari wa kikao usomwe na kuthibitishwa kikao kinachofuata, yatokanayo (yale yaliyoachwa na kikao kilichopita) yaanze kabla ya ajenda mpya.

Maswali karibuni.

---

Baba Pacha: Mkuu somo zuri. Swali, kwa kuanzia si tunaweza kutumia namba ya mhazini tu?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Baba Pacha: Nimeiona ila sisi mhazini wetu ni mwaminifu.

Mwandishi: Wa kwetu pia alikuwa mwaminifu. Ndiyo maana nakwambia usimweke mahali ambapo hawezi kulionyesha hilo.

Mhazini Mpya: Shikamoo. Nimechaguliwa juzi bila kujiandaa. Aliyenitangulia kanipa daftari lenye kurasa zilizochanika na bahasha ya pesa, kasema "zote zimo humo". Nifanyeje? Sitaki kumwonyesha simwamini, ni jirani yangu.

Mwandishi: Marahaba. Swali zuri, na wengi wanalikosea kwa sababu ya aibu hiyohiyo. Usisaini kwamba umepokea "hesabu za kamati". Saini ulichokiona kwa macho. Kaa naye, mwenyekiti na katibu wawepo, hesabuni pesa mezani, andikeni: "Leo tarehe fulani tumekabidhiana taslimu kiasi hiki, daftari moja lenye kurasa kuanzia hii hadi hii, stakabadhi namba hii hadi hii." Kurasa zilizochanika zitajeni bila kumtuhumu mtu. Wote wanne msaini. Kiasi hicho ndicho salio lako la kuanzia, na ya nyuma yanabaki kuwa kazi ya kikao, sio yako. Kisha zungukieni wote mnaohisi wanaidai kamati, mpishi na mwenye mashine kwanza, waulizeni wanadai nini kabla hawajakuja wenyewe. Kwa jirani yako, mwambie "nisaidie tukabidhiane vizuri ili na mimi nikitoka nikabidhi vizuri". Ukilisema hivyo linamlinda na yeye.

Mhazini Mpya: Asante sana. Kumbe hata yeye alikuwa anaogopa. Kasema atakuja.

Mzee wa Kata: Haya yote ni urasimu. Enzi zetu tulijenga madarasa kwa kuaminiana, hakuna cha karatasi.

Mwandishi: Heshima yako mzee. Enzi zenu tofali zilifyatuliwa mbele ya kila mtu na kila mtu alilihesabu jengo likipanda. Pesa ya simu haionekani ikipanda. Nani atajua bila karatasi?

Mzee wa Kata: Hapo umenijibu.

Mama wa La Tatu: Mwenyekiti wetu ni mtu mzima anayeheshimika mtaani. Ukimuuliza jambo kwenye grupu anakasirika, anasema tunamvunjia heshima. Na kwa kweli anafanya mambo mengi mazuri. Tunamwendeaje?

Mwandishi: Kwanza usimuulize kwenye grupu, hapo namuunga mkono yeye. Mtu mzima akiulizwa mbele za watu anajibu kulinda uso, hajibu swali. Mwendee wawili, wewe na mtu wa rika lake. Na msiende kuuliza "pesa iko wapi". Nendeni na ile karatasi ya mistari mitano mkiwa mmejaza mnayoyajua, mmeacha wazi msiyoyajua, mseme: "Mzee, tunataka taarifa ya mwezi iende kwa jina lako, hapa tumekwama." Nafasi iliyo wazi kwenye karatasi inauliza bila kumnyooshea mtu kidole. Akikataa kujaza, ombeni katibu aiweke kwenye ajenda ya kikao na ibaki kwenye muhtasari kwamba haikujazwa. Msiende zaidi ya hapo kwa maneno.

Mama wa La Tatu: Tutajaribu na baba mmoja aliyesoma naye. Na kama grupu la viongozi yeye ndiye adimini peke yake?

Mwandishi: Mwombeni aongeze katibu, kwa sababu simu huibiwa. Sababu ya kweli na haimuudhi.

Kijana wa Pwani: Naomba mtu anitumie fomati ya taarifa, ratiba, katiba ya kamati na barua ya benki. Haraka tafadhali, kikao ni leo.

Mwandishi: Mistari mitano ipo Hatua ya 5. Chukua kalamu.

Mwalimu wa Kilifi: Salamu kutoka Kenya. Huku chama cha wazazi kipo ndani ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013: kila darasa lina mwakilishi kwenye kamati tendaji, na mwenyekiti pamoja na wawili wengine wanaingia kwenye bodi ya shule. Shida yetu ni kwamba hao watatu wakishasikia mambo ya bodi, hawarudi kutuambia.

Mwandishi: Ya bodi siyajui kwa undani, lakini dawa naona ni ileile. Kabla hawajaenda wapeni maswali kwa maandishi, wakirudi waandike jibu mbele ya kila swali. Swali lililobaki bila jibu linaonekana.

Mwalimu wa Kilifi: Tutaanza muhula ujao. Ila la lumbesa limenigusa, huku pia linatutesa.

Mama Mahindi: Tukiwa kwenye mahindi, jamani, msisahau stoo. Sisi yetu yaliliwa na dumuzi, wazazi wakadai tumeyauza.

Mwandishi: Kweli, na hilo ni la kuripoti pia. Hasara ipimwe, ipigwe picha, viongozi wawili wasaini siku hiyohiyo. Mnahifadhi kwenye nini?

Mama Mahindi: Tulikuwa tunatumia viroba na dawa ya unga. Sasa tumehamia mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu. Haina haja ya dawa, na kwa chakula cha watoto nina amani zaidi. Ila mahindi yakauke kabisa, hewa itolewe, na kila mfuko wa ndani ufungwe peke yake.

Baba Pacha: Unajuaje yamekauka?

Mama Mahindi: Weka punje kwenye chupa kavu na chumvi kavu, funga, tikisa, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha juani.

Baba Pacha: Na panya akitoboa mfuko?

Mama Mahindi: Huo haushiki hewa tena. Hamisha mahindi, mfuko wekeeni mkaa, na uandikwe kwenye daftari la stoo asije mtu akaurudisha kazini.