Kabla ya Kununua Kifaa Kingine cha Kurekodia Nyumbani

Mtu anayerekodi nyumbani huanza kutamani kifaa kipya siku anapousikiliza wimbo wake na papo hapo akausikiliza ule uliorekodiwa studio, na kwa kuwa hajui tofauti imetoka wapi, lawama huiangukia maikrofoni. Yalinikuta hayohayo. Baada ya kudunduliza kwa miezi kadhaa nilinunua maikrofoni ya kondensa, aina inayonasa hata sauti ndogo sana, nikaiwasha usiku, na kwa mara ya kwanza nikalisikia jokofu la chumba cha pili, kiti changu kikilia, na sauti yangu ikinirudia kutoka ukutani. Maikrofoni yangu ya zamani, ya dainamiki, aina isiyo nyepesi kunasa sauti ndogo, ilikuwa imenisitiri kwa muda mrefu.

Tangu hapo sinunui kitu mpaka niweze kuutaja kwa maneno udhaifu ninaotaka kuuondoa na kuuonyesha katika rekodi. Ili kuupata, tengeneza faili moja ya majaribio: kaa kimya kwa nusu dakika, piga kofi moja, kisha soma aya ileile mara tatu, mdomo ukiwa umbali wa sentimita 40, 20 na 10 kutoka kwenye maikrofoni. Sikiliza kwa hedifoni. Mvumo unaosikika katika ile nusu dakika huenda unatoka kwenye feni ya kompyuta au kwenye umeme, na kofi linaloacha mlio nyuma yake ni dalili ya kuta tupu. Kama usomaji wa sentimita 10 unapendeza kuliko wa 40, umepata nafuu bila kutoa hata senti, kwa sababu kila umbali unapopungua kwa nusu, sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja huongezeka kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ilhali mwangwi wa chumba hubaki karibu palepale. Ukisogea mno, besi huvimba na herufi P hupuliza. Hapo geuza maikrofoni kidogo, pumzi ipite pembeni yake.

Fedha ya kwanza, kwa maoni yangu, iende kwenye chumba, na hapa ndipo wengi hupoteza. Sponji nyembamba zinazobandikwa ukutani hupunguza sauti za juu tu na kuiacha besi ikizunguka, kwa kuwa wimbi la hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa takriban mita 3.4 na sponji ya sentimita 3 hailishughulishi. Paneli za pamba ya madini (nyuzi za mawe au kioo) zenye unene wa sentimita 10 au zaidi, zikiachiwa nafasi kati yake na ukuta, hufanya kazi ya kweli. Anayerekodi sauti ya mtu peke yake anaweza kuanza na blanketi nzito mbili zilizotundikwa nyuma na ubavuni mwa mwimbaji, au kabati lililojaa nguo likiwa wazi mgongoni mwake. Hakuna kati ya hivi kitakachozuia kelele za jirani: kuzuia sauti isipite ukutani ni kazi ya ujenzi, na muuzaji anayekuahidi hilo kwa sponji hakutendei haki.

Kuhusu maikrofoni, aina ya dainamiki kama Shure SM58, iliyoingia sokoni mwaka 1966 na ambayo bado inauzwa, inakifaa chumba chenye makelele kuliko kondensa, ingawa huhitaji kuongezewa nguvu zaidi kwenye saundi kadi, kifaa kinachoingiza sauti ya maikrofoni kwenye kompyuta. Kondensa hustahili bei yake chumba kikishatulia.

Saundi kadi ndiyo ninayoishauri ibadilishwe mwisho. Yenye biti 24 (biti huamua jinsi kila kipimo cha sauti kinavyoandikwa kwa usahihi) hubeba kinadharia desibeli zipatazo 144 kati ya ukimya na kilele, upana ambao hakuna chumba cha nyumbani kinachoweza kuujaza. Kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani mara ambazo sauti hupimwa, hufikia hezi 22,050, juu ya kikomo cha sikio la binadamu ambacho ni takriban hezi 20,000. Kupanda kutoka 48,000 hadi 192,000 kutakuzidishia ukubwa wa faili mara nne. Sababu halali za kuibadilisha ni uhaba wa matundu ya kuchomekea maikrofoni, mathalani unapotaka kurekodi ngoma kwa maikrofoni nne, au mlio wa “shhh” unaosikika waziwazi unapoipandishia nguvu dainamiki. Ukiudhiwa na sauti inayochelewa kufika kwenye hedifoni, jaribu kwanza kupunguza bafa, yaani akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuichakata: sampuli 256 kwenye kasi ya 48,000 ni takriban milisekunde 5 sauti inapoingia, na nyingine kama hizo inapotoka.

Spika kubwa katika chumba ambacho mwangwi wake haujatulizwa hudanganya kuhusu besi, hivyo hedifoni nzuri hutangulia: zilizofungwa wakati wa kurekodi, ili mdundo usivuje na kuingia kwenye maikrofoni, na zilizo wazi wakati wa kuchanganya, yaani kuunganisha na kusawazisha sauti zilizorekodiwa. Waya badilisha ukikatika.

Kifaa kipya kikishafika, rudia faili ile ya majaribio, sawazisha ukubwa wa sauti wa rekodi zote mbili, kwa kuwa iliyozidi hata desibeli moja huonekana bora, kisha mwombe mtu akupigie rekodi hizo bila kukuambia ipi ni ipi. Fanya hivyo kabla ya siku za kurudisha bidhaa kwisha, na boksi usilitupe.