Kabla hujachagua kusomea lishe ukafanye kazi kijijini

Iringa huvuna mahindi ya kula na ya kuuza nje ya mkoa. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu watoto 57 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni 30. Njombe na Rukwa, wakulima wakubwa vilevile, zinafuata kwa karibu. Tafakari hilo kwanza. Kazi inayokusubiri ni kujua kwa nini mtoto anadumaa kwenye nyumba yenye magunia darini.

Kuhusu sifa za kujiunga, baiolojia na kemia ndizo zitakazokubeba. Vigezo hubadilika, kwa hiyo soma mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wa mwaka wako, usitegemee wa kaka yako. Kama utaomba mkopo, hakiki cheti cha kuzaliwa mapema RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Mimi huwashauri vijana wakitazame Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kwa sababu utasoma lishe huku wenzako wakisomea mbegu, mifugo na udongo, na watu hao utawahitaji maisha yako yote ya kazi.

Uwe tayari kupima kwa mikono yako. Utepe wa mzingo wa mkono, ambao kazini wote tunauita MUAC, unaonekana mchezo. Mkono wa kushoto wa mtoto unaning'inia, unatafuta katikati ya bega na kiwiko, unazungusha utepe bila kubana wala kulegeza. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Usiishie hapo. Bonyeza kwa dole gumba juu ya miguu yote miwili, hesabu sekunde tatu, achia. Vishimo vikibaki miguu yote miwili, mtoto huyo apelekwe kwenye matibabu hata kama utepe umesoma kijani. Uvimbe ule ndugu wanaweza kuusifia kuwa ni unene, nawe itabidi uwaeleze bila kumwaibisha mama.

Hapo ndipo wengi hukwama. Kusema "mpe yai kila siku" ni rahisi, lakini je, umeuliza ni nani anayeamua kuku auzwe? Mama ameondoka alfajiri kwenda shamba, mtoto kaachwa na bibi na chupa ya uji mweupe wa mahindi matupu. Basi zungumza na bibi, na baba pia. Unga wa lishe nao uuchunguze: karanga na mahindi yaliyoanikwa vibaya hubeba sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara.

Jifunze pikipiki. Jiandae pia kusubiri ajira, maana nafasi za halmashauri hutangazwa kwa vipindi.

Na kabla ya kujaza fomu, omba ruhusa kwa mganga wa zahanati ya jirani ukakae siku moja ya kliniki ya watoto. Saidia kuning'iniza mizani, shika kadi, sikiliza akina mama wanavyozungumza kwenye benchi wakati muuguzi hayupo. Kaa mpaka wa mwisho aondoke.