Kutoka Lubumbashi hadi Kersey, kijiji kitulivu cha Suffolk, Uingereza

Anza na viza, maana ndiyo inayokwamisha wengi. Ombi hujazwa kwenye intaneti, si zaidi ya miezi 3 kabla ya safari, kisha alama za vidole huchukuliwa Kinshasa. Hesabu na nauli ya ndege ya kufika huko. Karatasi za Kifaransa, kama barua ya kazi au cheti cha ndoa, zitafsiriwe kwa Kiingereza, na mtafsiri atie sahihi na tarehe. Feza nyingi zikiingia benki ghafla kabla ya ombi, onyesha kwa maandishi zimetoka wapi. Usipofanya hivyo, ni rahisi kukataliwa.

Ukiwa London, panda treni Liverpool Street hadi Ipswich, saa moja na kidogo, kisha basi la Hadleigh. Kutoka hapo Kersey ni kama kilomita 3, na hapa ndipo siku huharibika: mabasi ya vijijini ni machache, na Jumapili huenda usipate hata moja. Basi panga siku kuanzia mwisho. Tafuta kwanza basi la mwisho la kurudi Ipswich, toa saa nzima ya kutembea hadi Hadleigh, ndipo uchague treni ya asubuhi. Kituoni nyoosha mkono, la sivyo dereva anaweza kukupita.

Barabara ya motoka ni nyembamba, na motoka hupita kushoto, kinyume cha kwetu. Ukilazimika kuifuata, tembea kulia uzione zikija. Afadhali njia za mashambani: kila mtu ana haki ya kuzipita hata zikikatiza shamba la mtu. Fuata mishale ya njano. Ya buluu ni njia za farasi pia. Beba ramani ya karatasi ya kipimo cha 1:25,000 (sentimita 1 ni mita 250), maana mtandao hukatika. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge tena. Vaa buti, baada ya mvua udongo unanata vibaya.

Kersey yenyewe ni mtaa mmoja unaoshuka hadi kijito kinachopita juu ya barabara, halafu unapanda tena. Pembeni kuna kidaraja cha waenda kwa miguu. Nyumba za mbao zimebaki tangu enzi za wafumaji wa sufu. Panda hadi kanisa la Mtakatifu Maria: kutoka pale utaona mtaa wote, na hakuna mahali pazuri zaidi pa kupiga picha. Ila usiingie nyua za watu.

Kwenye baa za vijijini agiza na ulipe kaunta, mapema, kwani jiko nyingi hufungwa kuanzia kama saa 8 mchana hadi jioni. Mei na Juni ndiyo miezi bora. Desemba jua huzama kabla ya saa 10 alasiri, kwa hiyo beba tochi ya kurudia Hadleigh.